Kamera ifike Salaita

Anayepita barabara ya Voi kwenda Taveta huona Salaita ni kilima tu cha vichaka. Hapo, Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walitimuliwa na jeshi la Wajerumani lililotegemea askari Waafrika. Mabaki ya mahandaki bado yapo. Filamu fupi ikionyeshwa shuleni Taveta ingeeleza yasiyoenea kwenye kibao, ikiwemo kwa nini kuokota ganda la risasi ni kufuta ushahidi. Tatizo, watengenezaji filamu hupenda majenerali. Lakini wapagazi wengi waliobeba mizigo ya majeshi katika vita hivyo na kufa hawana hata kaburi lenye jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hilo mwaka 2021. Filamu isiyowataja wapagazi hao, kaunti isiichangie hata senti.