KUNG'OA MENO YOTE: TUULIZE KWANZA

(Hotuba kwa wanachama, Katito)



Leo twasema habari ya meno, kwa maana meno nayo yamo katika mshahara.

Wazee wetu wa Nyakach, kama Wajaluo wengine, waling'olewa meno 6 ya mbele ya chini. Mila hiyo ilififia katika karne iliyopita, shule na makanisa yalipoenea. Lakini kijana alijua sababu: ilikuwa alama ya kuingia ukubwani, na wengine husema pengo lile lilisaidia kumnywesha uji mgonjwa wa pepopunda aliyefunga taya. Yalitoka 6, basi.

Sisi twang'olewa namna nyingine. Jino latoboka; mtu hununua vidonge dukani, kwa kuwa akienda hospitali atakosa siku ya kazi. Jino hufa, la pili hufuata, fizi huvimba usaha. Mwisho daktari hana budi kung'oa mengi. Siku moja iliyookolewa imekula kinywa kizima.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1968, Uingereza na Wales, watu wazima 37 katika kila 100 hawakuwa na jino lao hata moja. Wako waliong'oa yote makusudi, hata wasichana waliokaribia kuolewa, kwa kuogopa gharama za kutibu meno maisha yote.

Kwa hiyo twashauri:

1. Nenda tundu likiwa dogo. Jino hilo huzibwa. Lililong'olewa halioti tena.

2. Ukiambiwa mengi yatoke, uliza: Ni yapi? Kwa nini kila moja? Hakuna linaloweza kuzibwa? Kuuliza si ukaidi.

3. Mwambie daktari kama una kisukari, presha au mimba, na dawa unazomeza.

4. Usikubali koleo la sokoni. Dai sindano ya ganzi na vyombo safi.

5. Uliza mapema bei ya meno ya bandia. Fizi huchukua miezi kadhaa kutulia.

Sasa haki yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema aliyemtumikia tajiri miezi 2 mfululizo apate, katika kila miezi 12, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Lakini cheti hicho ni cha mtu aliyekwisha kushindwa kazi. Mwenye tundu dogo, ambaye jino lake laweza kuokolewa, hana cheti.

Hapo ndipo kazi ya chama. Katika mapatano na matajiri tudai ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno bila kukatwa mshahara. Kila aliyekatwa siku kwa ajili ya jino na amweleze karani wa tawi, iandikwe. Mezani kwa tajiri, neno lililoandikwa lina nguvu kuliko manung'uniko mia.

Umoja ni nguvu.