Madawati ya Kusikilizia



Mwaka 1896, katika mji wa Chicago, Marekani, mwanafalsafa John Dewey alifungua skuli ndogo yenye wanafunzi 16. Alipozunguka madukani kutafuta madawati, hakupata yaliyomridhisha. Mwuzaji mmoja akaitambua sababu: mteja ataka madawati ya mtoto kufanyia kazi, na yote yaliyopo ni ya kusikilizia tu.

Neno hilo ladhihirisha msingi wa skuli ile. Watoto walipika, walifuma, waliranda mbao; hesabu na historia zikatoka humo humo katika kazi ya mikono. Walipewa pamba na sufu ya kondoo. Wakachambua pamba kwa vidole muda wa nusu saa, wasipate hata aunsi moja. Hapo wakafahamu wenyewe kwa nini wazee wao wa kale walivaa sufu kuliko pamba. Somo hilo halikuhitaji fimbo.

Lakini isidhaniwe kuwa mtoto aliachwa afanye apendavyo. Mwaka 1938 Dewey mwenyewe aliwakosoa walioondoa amri za zamani bila ya kuweka uongozi mahali pake. Mwalimu ndiye aliyeiweka pamba mbele ya watoto, kisha akawapa nafasi ya kuvumbua.

Basi mzazi amwulizapo mwanawe jioni, "Leo umesikia nini?" na aongeze, "Umefanya nini, na umeuliza nini?" Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.