Fedha ya Shaba na Kivuli cha Ukingoni: Kuliombea Ziwa Tshangalele Mahali pa Kupumzikia



Siku ya Mungu, mchana, gari zinazopita kati ya Lubumbashi na Likasi husimama kwetu Kapolowe kwa ajili ya samaki. Wengine hawaishii kwenye meza za wauzaji. Wanateremka mpaka majini, wanaulizia mtumbwi, kisha wanakula bukari yao wakiwa wamekalia ndoo iliyopinduliwa. Kwa hiyo nisisikie mtu akisema tunataka kuleta mapumziko Kapolowe. Mapumziko yapo. Kinachokosekana ni choo.

Ziwa Tshangalele lenyewe ni mtoto wa shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoziba mto Lufira pale Mwadingusha, na mitambo ya umeme ikaanza kazi mwaka 1930, ilikuwa inatafuta nguvu za kuyeyushia madini. Hakuna aliyekuwa anawaza wavuvi wala ndege. Uwanda ukafunikwa na maji, matete yakaota, samaki wakajaa, na watu wakafuata samaki. Mwaka 1982 UNESCO ikaiingiza Lufira katika hifadhi zake za biosfia. Mwaka huohuo wataalamu Louette na Benson wakamwandika rasmi ndege mdogo wa jamii ya mnana, Ploceus ruweti, ambaye makao yake yanayojulikana ni bonde hili la Lufira, pamoja na ziwa letu. Kuna watu duniani wanaoweza kupanda ndege mbili ili waje kumwona huyo mmoja tu. Sisi tunamfukuza kwa manati.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndiyo kazi yangu: kusaidia watu kuandika maombi ya ruzuku na kusoma ya wengine.

Marekani wana mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, wa kununua ardhi na kutengeneza mahali pa watu kutembea, kuvua, kuogelea na kucheza. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka katika mafuta na gesi inayochimbwa baharini, na tangu sheria ya mwaka 2020 umetengewa dola milioni 900 kila mwaka. Hesabu yake ni ya kijijini kabisa: kinachotolewa chini na kwisha kiache juu kitu kisichokwisha. Mji unaoomba kupitia jimbo lake kwa kawaida hutakiwa kuleta nusu ya gharama. Lakini mimi hizo milioni hazinishangazi kama sharti moja lililoandikwa ndani ya sheria hiyo. Uwanja uliotengenezwa kwa fedha za mfuko haugeuzwi kuwa kitu kingine. Anayetaka kuugeuza lazima apate kibali, na alete ardhi nyingine ya mapumziko yenye thamani isiyopungua ile. Meya atakuja na ataondoka, uwanja utabaki.

Na sisi je? Kanuni ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrahaba: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, uchifu au mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji, na kusaini nao ile hati ya ahadi tunayoiita kaye de sharje. Kamati nilizoketi nazo huandika shule, kisima, zahanati, barabara. Sizilaumu. Mtoto asiye na dawati hatamwelewa anayemwambia habari za benchi la ziwani. Ila kila mara neno mapumziko linapotajwa, watu hucheka, kana kwamba kupumzika ni kwa Wazungu na kwa wenye gari. Mchuuzi aliyeinama tangu alfajiri juu ya jiko la makaa ndiye wa kwanza kuhitaji kivuli.

Niwaambie lililonipata mwenyewe. Sehemu fulani, si hapa, tuliomba mabenchi na paa la kivuli. Tulipewa, tukapiga picha, wakubwa wakakata utepe. Mvua ya pili haikuwa imekwisha, mbao zikawa zimeenda kupika maharage, na mwaka uliofuata kiwanja kikauzwa vipande vipande. Katika bajeti yetu mlinzi hakuwamo. Katika hati zetu hapakuwa na mstari hata mmoja unaozuia kuuza. Wizi wa mbao nilikasirikia wiki moja. Kile kiwanja bado kinaniuma.

Kuna jambo zito zaidi ya mbao. Maji machafu ya viwanda vya Likasi huingia mto Panda, Panda huingia Lufira, na Lufira ndiyo hii inayojaza ziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima shaba, kobalti na metali nyingine katika mimea na samaki wa Lufira ya juu, wakachapisha walichokiona mwaka 2010. Basi hatuwezi kuomba fedha za kuita watoto wakaogelee kabla ya kuomba fedha za kupima maji. Kipimo kiwe mstari wa kwanza wa bajeti, kirudiwe kiangazi na masika, na majibu yabandikwe kwenye ubao sokoni kwa Kiswahili. Mfadhili akiona mstari huo anajua anazungumza na watu wazima. Kampuni nayo ikiuona itakohoa kidogo, iache ikohoe.

Ombi ninalopendekeza ni dogo: vyoo viwili, miti ya kivuli, gati la mbao la mitumbwi, mshahara wa mlinzi, na hati ya ukingo iliyosainiwa na chifu na sekta kwamba eneo hilo haliuzwi. Bwawa la umeme la Mwadingusha hupandisha na kushusha maji, kwa hiyo mpaka usichorwe ofisini. Jumamosi ya salongo, kazi yetu ya pamoja, tuchukue kamba na vigingi, tuanze na wamama wanaokaanga samaki. Wao wanajua maji hufika wapi, na upepo wa choo huvuma kwenda upande gani.