Mkia wa Nondo na Sikio la Popo



Hapana shaka wengi wenu mmepata kumwona nondo, yaani kipepeo wa usiku, akizungukazunguka penye taa. Mara popo akapita kasi, na nondo yule asionekane tena. Leo nataka kuwaeleza habari za nondo mmoja wa Marekani aitwaye luna. Rangi yake ni kijani hafifu, na mabawa yake ya nyuma yana mikia miwili mirefu. Hata hapa Kenya tunaye jamaa yake mwenye mikia kama hiyo.

Maskini luna! Akiisha kupata mabawa, kinywa chake hakifai kulia chakula. Huishi kama juma moja tu, na katika siku hizo chache sharti apate mwenzi na jike atage mayai. Tena hana masikio. Nondo wa aina nyingine husikia sauti ya popo wakageuka upesi. Yeye hasikii neno.

Popo naye huwinda gizani kwa kutoa sauti nyembamba mno, ambazo sikio la mtu haliwezi kuzipata, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka mwilini mwa mdudu. Basi luna huponaje?

Bwana Jesse Barber wa Idaho na Bwana Akito Kawahara wa Florida, pamoja na wenzao, walitaka kujua. Waliwafunga nondo kwa uzi ndani ya chumba chenye giza, wengine wakiwa na mikia na wengine wamekatwa, kisha wakawafungulia popo. Mwaka 2015 walitangaza waliyoyaona. Katika kila nondo 100 wasio na mikia, popo walikamata kama 81; katika wenye mikia, kama 35 tu. Nondo arukapo, ncha za mikia huzunguka nyuma yake na kurudisha mwangwi wake peke yake, na zaidi ya nusu ya mashambulio yaliangukia huko. Popo huondoka na kipande cha mkia, nondo akaenda zake.

Labda mtu atauliza: je, mkia si pambo la kumpendeza jike, kama wa tausi? Swali hilo ni la haki. Bibi Juliette Rubin na Bwana Kawahara walitoa jibu mwaka 2023. Kwanza madume wenye mikia walipata majike zaidi kuliko waliokatwa, na mtu mwenye haraka angaliishia hapo. Lakini wao waliwaza kwamba huenda sababu ni lile jeraha. Basi wakawakata madume wote, na baadhi yao wakawarudishia mikia kwa gundi. Safari hii wasio na mikia walipata majike sawasawa na wenzao.