Nani Alipiga Gitaa? Fundi Konde na Wanamuziki wa Studio wa Nairobi



Tazameni ile karatasi ya mviringo inayobandikwa katikati ya santuri. Ina jina la kampuni, namba, jina la wimbo na jina la mwimbaji. Pengine mtunzi naye ametajwa kwa maandishi madogo. Wapigaji hawamo. Aliyepiga solo, aliyeshika besi, aliyepuliza klarineti, wote wameachwa nje, na sisi tumekubali kuwaacha huko. Kuhusu nani alitunga "Malaika" tumezozana miaka mingi: wapo wanaosema ni Fadhili William, wapo wanaosema ni Adam Salim wa Tanzania, na kuna majina mengine ya Pwani. Ugomvi huo umefika magazetini na kwa mawakili. Lakini ni nani aliyewahi kuchukua hata dakika tano kubishania nani alipiga gitaa?

Leo nataka tubishane juu ya hilo, na mtu ninayemweka mbele ni Fundi Konde.

Vijana wanamjua bila kujua kwamba wanamjua. Wamesikia "Tausi Ndege Wangu" harusini au kwenye kipindi cha zilizopendwa, wakadhani ni wimbo wa zamani usio na mwenyewe, kama nyimbo za kubembelezea watoto. Mwenyewe alikuwepo. Alizaliwa mwaka 1924 huko Mwabayanyundo, upande wa Kilifi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Burma na jeshi, akawa katika kikosi cha burudani kilichowatumbuiza askari wa Afrika Mashariki. Wengi walirudi kutoka vita hivyo na nishani na majeraha. Konde alirudi akiwa amesikia namna nyingine za kupanga sauti: jazi, rumba, bendi za densi. Nairobi alifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa kapteni wa jeshi na baadaye akaanzisha kampuni ya High Fidelity Productions. Katika mazingira hayohayo ndimo walimopita Ally Sykes wa Tanganyika, na Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo kutoka Katanga. Masengo aliimbia Coca-Cola, Bosco akaimbia dawa ya Aspro. Ndiyo, wanafunzi wangu, matangazo ya biashara yaliwalisha wasanii wakubwa kabla ya simu zenu kuzaliwa.

Santuri za Konde za kuanzia 1947 hadi 1956 ndizo moyo wa kazi yake. "Mama Sowera", "Jambo Sigara", "Ajali Haikingiki", "Majengo Siendi Tena". (Majengo ipo Mombasa na Majengo ipo hapa Nairobi, Pumwani, kila upande unaweza kuudai wimbo. Mimi naishi Nairobi, mnajua nitasimama wapi.) Alikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme. Sauti yake, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kawaida: nyororo, isiyojitutumua. Kilichokuwa si cha kawaida ni mkono wake wa kushoto. Wapigaji wengi wa wakati ule walijenga nyimbo juu ya kodi (chords) tatu na kuzizungusha. Konde alipenyeza kodi za jazi katikati ya mstari wa Kiswahili, mahali ambapo sikio halizitarajii, na bado wimbo ukachezeka. Hilo si jambo dogo. Mpigaji anayejua kodi nyingi hutaka zisikike. Yeye alizitumia kumbeba mwimbaji, hata pale mwimbaji alipokuwa yeye mwenyewe.

Baadaye alihamia upande wa pili wa kioo. Akawa fundi wa mitambo ya sauti studioni, akirekodi nyimbo za wengine. Hapo ndipo jina lake lilipozidi kufifia, na hapo ndipo, nadhani, ushawishi wake ulipopanuka. Maana mtu anayekaa mbele ya mashine ndiye anayeamua gitaa lisikike kiasi gani na besi ikae umbali gani na mikrofoni.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu bila kuielewa hatutaelewa tumepoteza nini. Santuri ya mizunguko 78 ya inchi kumi ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Hapakuwa na kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Wote waliingia chumba kimoja, wakapiga kwa pamoja, na mikrofoni ikameza kila kitu. Sauti ikizidi, anayepaswa kusogea nyuma ni mtu, kwa miguu yake. Mpigaji wa besi akikosea kwenye dakika ya pili na nusu, mwimbaji aliyekuwa ameimba vizuri kuliko siku zote anaanza upya. Kwa hiyo mwanamuziki wa studio alihitaji vitu ambavyo jukwaa halividai: kujifunza wimbo mpya asubuhi na kuurekodi kabla ya chakula cha mchana, kupiga vilevile mara ya sita kama mara ya kwanza, na kujua wakati wa kunyamaza. Mjini nyimbo zilikuja kwa Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikuyu. Mkono uleule uliitikia zote.

Na mikono hiyo ilikaa wapi? Ilikaa huku kwetu. Makazi ya Waafrika yalitengwa upande wa mashariki wa mji: Pumwani kwanza, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Makadara, na ukingoni mwa uhuru Jericho na Jerusalem. Chumba kimoja, familia nzima, na gitaa juu ya kabati kama lipo. Mitaa mingi ilikuwa na ukumbi wake. Ukumbi wa Kaloleni tunaukumbuka kwa siasa, hadi watu wakaufananisha na Bunge la Uingereza. Lakini kumbi hizi zilikuwa pia za densi, na mpigaji aliyekuwa hana jina kwenye lebo alikuwa na jina ukumbini. Watu walimjua anakaa nyumba gani na anadaiwa na nani.

Muziki ambao wapigaji hawa na wasikilizaji wao waliusikiliza nao una historia. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba juu ya Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, ambaye asili yake ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa muziki wa country ambaye santuri zake zilifika huko kabla ya Tracey. Rodgers alikuwa ameshakufa tangu 1933. Halafu akaja Jim Reeves wa muziki huohuo, ambaye sina haja ya kumtambulisha kwa Mkenya yeyote aliyewahi kukaa karibu na redio Jumapili. Gitaa la Marekani lilikuwa ndani ya masikio ya mitaa hii. Na hata huko Nashville, waliompigia Jim Reeves na wenzake walikuwa kikundi kidogo cha watu walioingia studio asubuhi kwa mwimbaji huyu na jioni kwa mwingine, majina yao yasionekane kwenye jalada. Tofauti ilikuwa moja, na ni kubwa: wao walikuwa na chama cha wafanyakazi kilichoweka kiwango cha malipo kwa kila kipindi cha saa tatu, na malipo huandikwa. Kwa hiyo mtafiti wa leo anafungua daftari na kukuta nani alikuwepo chumbani.

Nairobi mambo yalikwenda hivi. Charles Worrod, mwenye Equator Sound Studios, aliwakusanya vijana wakawa bendi ya nyumbani: Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi Juma. Leo Kabaka anaimba na wengine wanampigia. Kesho anaimba Nashil Pichen na Kabaka yuko nyuma. Bendi ikaitwa Equator Sound Band, yaani watu wote wakavaa jina la kampuni. Wimbo wa Kabaka "Helule Helule" ulivuka bahari, The Tremeloes wakaurekodi Uingereza mwaka 1968 na ukafika nafasi ya 14 kwenye chati ya huko. Jina la Kabaka angalau lilisafiri nao. Waliokuwa wamesimama nyuma yake Nairobi hawakusafiri hata kwa herufi.

Nakiri nina upendeleo kwa Nashil Pichen na Tsotsi. Wageni kutoka kusini walioimba Kiswahili kikawakaa, wakawa nusu ya kile tunachokiita muziki wa twist wa Kenya, na baadaye wakaendelea na Kabaka katika African Eagles. Ukiwauliza Wakenya waorodheshe wanamuziki wao wa miaka ya sitini, hawa wawili hawatajwi, kwa sababu si wa kabila la mtu yeyote hapa. Tunahifadhi kumbukumbu za muziki kama tunavyopiga kura.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kilianzishwa 1983 kwa ajili ya watunzi na wachapishaji. Haki za mpigaji zimekaa vizuri zaidi katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ila ulinzi wake ni wa miaka 50. Waliopiga na Konde mwaka 1950 hawamdai mtu yeyote kitu kisheria. Ndiyo maana nasema kazi iliyobaki ni yetu, ya chuo, na si ya mawakili.

Kazi hiyo imeanzwa na wengine kabla yetu. Nyimbo za Konde zilikusanywa kwenye CD mwaka 1994 na lebo ya RetroTan, naye akaishi kuiona kabla ya kufa mwaka 2000. Ketebul Music ya Tabu Osusa imefuatilia asili ya benga na muziki wa Kikuyu kwa vitabu na filamu. Shirika la utangazaji, KBC, lina maktaba ya santuri ambayo idara yangu ingefurahi kukesha ndani yake. Kenyatta Market bado kuna watu wanaouza santuri na wanaojua wanachouza.

Kwa wanafunzi watakaofanya utafiti huu muhula ujao: mkifika kwa mzee, msianze na maswali ya nani aliimba. Atawapa majina mnayoyajua. Mpigieni wimbo, mtulie, mmuulize kama anamfahamu huyo wa besi. Muulizeni mazoezi yalifanyika ukumbi gani, gitaa lilikuwa la nani, nani alimfundisha, alilipwa kwa wiki au kwa wimbo. Andikeni majina ya utani pia, kwa sababu wengi hawakuwa na jingine ukumbini. Kama hakumbuki, mwombeni awaelekeze kwa jirani wa zamani. Na mzee mwenye santuri nyumbani asiogope kuileta: tutainakili mbele yake, naye ataondoka nayo.