Kazi ya Nyumbani na Haki Yake





Siku ya Maulidi, iwe Arua au Koboko, daftari la michango huandikwa kwa uangalifu: fulani katoa mbuzi, fulani katoa mchele, fulani katoa shilingi kadha wa kadha. Wanawake waliokesha wakichambua mchele huo, wakateka maji, wakapika na kuosha masufuria hata alfajiri, hawamo daftarini. Si kwamba wamedharauliwa. Ni kwamba kazi yao haikuhesabiwa kuwa ni mchango.

Mwaka 1972 Selma James na wenzake, wakikutana Italia, walianza kudai kwamba kazi ya nyumbani ilipwe mshahara na serikali. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa kazi ya namna hii isiyolipwa huchukua saa bilioni 16.4 kila siku ulimwenguni, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. West Nile haikungoja hesabu hiyo. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na jeshi likaja kulipiza kisasi mwaka 1980, watu walikimbilia Zaire na Sudan. Huko ugenini, mume akiwa amekufa au ametawanyika, mama ndiye aliyesimamisha mafiga matatu na watoto wakala.

Wako wasemao kuwa madai haya ni mambo ya Kizungu. Neno hilo halisimami. Katika Suratu Talaka, aya ya sita, mume anaagizwa kumpa ujira mke aliyemwacha, akimnyonyeshea mtoto. Na wanazuoni wengi wa Kishafii walisema kupika na kufua si wajibu uliomo katika nikahi. Mke akifanya, ni hisani yake. (Mlango huo wa fiqhi, waume wengi huupita mbio.)

Lakini lililo zito zaidi si mshahara. Serikali ya kulipa kila jiko haijaonekana, na mume mwenye jembe moja atalipa nini? Zito ni talaka. Mwanamke akaa ndoani miaka ishirini, kisha arudi kwao na sanduku la nguo, huku nyumba, ng'ombe na duka vikiitwa vya mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la mke na mume Waislamu kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mke yule mwenyewe hakupata fungu, kwani ilionekana alizitumia vibaya fedha alizokabidhiwa na mumewe, kanuni ikabaki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uganda nayo ilikubali kwamba mchango wa mwanandoa si fedha peke yake.

Wengi hawafiki mahakamani. Hukaa mbele ya shekhe na wazee. Hapo ndipo pa kuuliza, kabla mali haijatajwa kuwa ya nani: nani alilima chakula mume alipokuwa sokoni? Nani aliuguza wazazi wa mume? Na jirani aliyemwona mke huyo akienda kisimani kila alfajiri aitwe, atoe ushahidi.