Guru, Barua na Daftari: Urithi wa Yogiji Maharaj Afrika Mashariki na Tatizo la Kumbukumbu za Kigujarati

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili na maofisa utamaduni, Turiani, Morogoro

Nimeombwa nizungumzie maisha na urithi wa kiongozi mmoja wa kiroho wa Kihindu aliyeacha alama Afrika Mashariki, na nimemchagua Yogiji Maharaj wa madhehebu ya Swaminarayan. Utaratibu wa semina unadai fasili za istilahi, basi tuzipitie haraka. Guru ni mwalimu wa kiroho, sadhu ni mtawa aliyeacha ndoa na mali, na Mhindu ni mfuasi wa dini, tofauti na Mhindi ambaye ni mtu mwenye asili ya India. Waismaili, Mabohora, Masingasinga na Wagoa Wakatoliki wanatosha kutuonyesha kwamba si kila Mhindi ni Mhindu. Haya kila aliyemo ukumbini anayajua. Niweke wazi pia kwamba mada hii haipimi ukweli wa imani ya mtu yeyote. Inahusu historia na ushahidi wake, na kwa sehemu kubwa inahusu ushahidi unaopotea huku tukiuangalia.

Madhehebu ya Swaminarayan yalianzishwa Gujarat na Sahajanand Swami, aliyezaliwa mwaka 1781 na kufariki mwaka 1830. Mwaka 1907 Shastriji Maharaj alijenga hekalu la Bochasan na kuanzisha tawi linalojulikana leo kwa kifupi cha BAPS. Yogiji Maharaj alizaliwa Dhari tarehe 23 Mei 1892, akaondoka nyumbani akiwa kijana wa miaka 16, akawa sadhu, kisha akashika uongozi wa tawi hilo baada ya Shastriji kufariki mwaka 1951. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1955 na kufungua hekalu la Mombasa. Mwaka 1960 alifungua mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo, na mwaka 1970 akafungua la Nairobi kabla ya kwenda London, ambako waumini wengi waliompokea walikuwa wametokea huku kwetu. Alifariki Mumbai tarehe 23 Januari 1971. Huo ndio wasifu wake kwa ufupi, na vitabu vya waumini wenyewe vina maelezo marefu kuliko haya. Mwalimu anayetaka kumweleza mwanafunzi wa sekondari guru alikuwa nani ana pa kuanzia.

Swali gumu, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kwa somo letu, ni jinsi mafundisho yake yalivyosimama hapa. Ukihesabu ziara za miaka ya 1955, 1960 na 1970 utaona kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya jumuiya hii guru hakuwepo. Sadhu wa madhehebu haya hamiliki wala hagusi fedha na hazungumzi na wanawake, kwa hiyo hakuwa mtu wa kupanga nyumba Ngara, Nairobi, akakaa miaka. Waliobeba kazi tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa watu wa ajira ya kawaida, wengi wao makarani, wafanyabiashara na wafanyakazi wa reli. Majina ya Harmanbhai Patel na Maganbhai Patel yanatajwa katika historia hiyo. Walichokuwa nacho mkononi ni barua. Sadhu aitwaye Nirgundas Swami aliwaandikia kutoka India barua ndefu za mafundisho, zikasomwa kwa sauti kwenye mikusanyiko ya nyumbani, na Yogiji naye akaendeleza desturi ya kuwaandikia waumini wa ng'ambo. Jumuiya hii ya dini, basi, ilikuzwa kwa posta na reli.

Barua ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni daftari la hesabu. Mwaka 1826 Sahajanand Swami aliwaandikia wafuasi wake Shikshapatri, kitabu kidogo cha beti 212 kinachopanga mwenendo wa maisha. Pamoja na maagizo ya sala na chakula, kinamtaka muumini asitumie kuliko anachopata, aandike mapato na matumizi yake kila siku kwa mwandiko unaosomeka, na asifanye makubaliano ya shamba au mali, hata na mwanawe au rafiki yake, bila maandishi na mashahidi. Linganisha na vitabu vingine vya maadili unavyovijua, uone ni vingapi vinavyoshuka hadi kwenye utunzaji wa hesabu za kila siku. Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba wafanyabiashara wa Kigujarati waliandika hesabu karne nyingi kabla ya Sahajanand, na kwamba Bohora na Muismaili waliandika vilevile. Ni kweli. Hata hivyo guru aliichukua desturi ya dukani akaifanya wajibu wa dini, na ndiyo maana jumuiya iliyomfuata iliacha karatasi nyingi: daftari za maduka, vitabu vya michango ya hekalu, mihtasari ya vikao, barua, hati za mikopo.

Hapa ndipo penye tatizo ambalo kwa miaka mingi nimelisema kwenye vikao vya kila ngazi, nikajibiwa kwamba limepokelewa na litafanyiwa kazi. Karatasi hizo zimeandikwa Kigujarati, na nchini mwetu hatuna utaratibu wowote unaoeleweka wa kuzitafuta, kuzisoma wala kuzihifadhi. Ziko kwenye stoo za nyuma ya maduka, juu ya makabati ya mahekalu na chini ya vitanda vya wazee. Mchwa hawasubiri bajeti. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Azimio la Arusha la 1967 na sheria ya 1971 ya kutwaa majumba viliwafanya wengi wahame, na mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Aliyefungasha haraka alichukua dhahabu, pasipoti na picha za ndoa. Daftari la duka la mwaka 1938 lilibaki, au lilifungiwa karanga.

Tulitazame daftari lenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi wetu tungelipita. Ni refu na jembamba, jalada lake ni kitambaa chekundu, limekunjwa na kufungwa kwa uzi. Ukurasa wa kwanza una jina la Mungu na alama za baraka, kwa kuwa daftari jipya hufunguliwa kwa ibada wakati wa Diwali. Fedha iliyoingia huandikwa upande wa kushoto, iliyotoka upande wa kulia. Mwaka unaoandikwa ni wa kalenda ya Vikram, iliyoitangulia ya kwetu kwa miaka 56 au 57. Sasa fikirini karani wa masijala anayekabidhiwa daftari hilo na kuambiwa tarakimu za jalada ni 2011. Ataliona ni karatasi ya juzi tu isiyostahili hata boksi, kumbe lilifunguliwa mwishoni mwa 1954 na ndani yake mna hesabu za mwaka ambao Yogiji Maharaj alishuka Mombasa. Kosa la namna hiyo halihitaji uzembe. Linahitaji tu mtu mwaminifu ambaye hakufundishwa.

Nimewahi kuulizwa, na swali ni halali, kwa nini mwananchi wa Turiani ajali daftari la Mhindi. Jibu liko hapa hapa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Mhonda mwaka 1877 wakitokea Bagamoyo, wakaandika taarifa na barua kwa Kifaransa, na shirika lao likazitunza. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua Mhonda ya karne ya 19 anaweza kuisoma, ingawa ataisoma kwa macho ya padri. Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na kumbukumbu za Kijerumani za kipindi hicho tunazo. Lakini mkulima wa Kinguu au Kiluguru aliyeshuka na mzigo wa mahindi, akachukua kaniki, chumvi na mafuta ya taa, nusu kwa fedha na nusu kwa deni, aliandikwa na nani? Padri hakumwandika. Ofisa wa wilaya alimwandika kama hesabu ya kodi. Mwenye duka alimwandika kwa jina, kwa tarehe na kwa bei, kwa sababu alimdai. Daftari la duka ni kumbukumbu ya wateja wake pia, na wateja ni babu zetu.

Wapo watakaosema kwamba madeni hayo yalikuwa ya kinyonyaji na kwamba kuyahifadhi ni kuwapamba walionyonya. Naona kinyume. Anayedai kwamba mkulima alipunjwa anahitaji bei aliyolipwa na bei ya sokoni, na bei aliyolipwa imo humo. Hali kadhalika kwa dini yenyewe: sipendekezi tumfundishe guru kwa sifa tupu. Nchini India waumini wa Swaminarayan walikwenda mahakamani wakidai kwamba wao si Wahindu, ili sheria iliyofungua mahekalu kwa watu wa matabaka ya chini isiwahusu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo. Mwanafunzi wetu anastahili kulijua hilo pamoja na unyenyekevu wa Yogiji, anaosifiwa nao sana. Vitabu vinavyotolewa na waumini, ambavyo wengine huniambia vinatosha, haviwezi kubeba mzigo huo. Vinatuambia guru alikanyaga wapi na akabariki nani, tena zaidi Nairobi, Mombasa na Kampala. Kuhusu miji midogo ya reli na vituo vya miwa na pamba vinapita kimya.

Pingamizi linalorudiwa zaidi maofisini ni la lugha: eti hakuna anayesoma Kigujarati. Kumbukumbu za Kijerumani katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zilikuwa na ugumu uleule, tena nyingine zikiwa na mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo unamshinda. Zilipangwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Marburg, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1973. Miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ilikusanywa na kuorodheshwa, na imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo lugha ngumu haijawahi kutuzuia pale tulipotaka. Na wasomaji wa Kigujarati wapo Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, ila wengi ni wazee, na wajukuu wao wanazungumza lugha hiyo bila kuiandika. Sahajanand mwenyewe mwaka 1830 alimkabidhi Gavana John Malcolm nakala ya Shikshapatri pale Rajkot. Nakala hiyo ipo leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford, imetunzwa na imepigwa picha za kidijitali. Ilinusurika kwa sababu ilipata kabati na mtu wa kuliangalia.

Napendekeza mambo yafuatayo, nikijua baadhi yameshapendekezwa. La kwanza ni uorodheshaji. Halmashauri, kupitia ofisa utamaduni, iandike tu kilichopo na kilipo: duka gani, hekalu gani, daftari ngapi, hali yake. Kazi hiyo haihitaji kujua Kigujarati wala fungu kubwa la fedha, na haimnyang'anyi mtu mali yake. Nasisitiza hilo la mwisho kwa kuwa familia zilizopoteza majumba mwaka 1971 zina sababu ya kuogopa mtu wa serikali anayekuja na fomu, na ofisa akienda bila kiongozi wa jumuiya husika atafungiwa mlango. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 inajikita kwenye nyaraka za umma. Kwa hizi za watu binafsi na za taasisi za dini tuanze na hati za makubaliano ya hiari, zinazomwachia mwenye mali umiliki na kuruhusu nakala. Nyaraka zenye siri za familia au za ibada zibaki na wenyewe.

Tatu, narudi kwenye lugha: vyuo vinavyofundisha utunzaji wa nyaraka viweke kozi fupi ya kusoma herufi na tarakimu za Kigujarati na kubadili miaka ya Vikram, na wazee wanaojua waitwe kuwa wakufunzi na walipwe posho kama mkufunzi mwingine yeyote. Nne, narudi kwenye uorodheshaji: orodha isiishie kwenye faili la halmashauri, nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa na kwenye jumuiya yenyewe. Tano, walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili wawape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee wa Kihindu na wazee wa Kinguu na Kiluguru kuhusu duka lilelile, na majibu yawekwe pamoja. Wakimfundisha Yogiji Maharaj, wamfundishe pamoja na makarani wa reli na agizo la kuandika hesabu, si kwa picha ya mzee mwenye joho la rangi ya zafarani peke yake.

Sita, na hili linaweza kuanza kesho bila kusubiri waraka wowote: mwenye daftari aombwe asiliweke sakafuni wala ukutani upande wa mvua, asilifunge kwa mpira au kwenye mfuko wa nailoni, asilibandike selotepu, wala asilianike juani akidhani anaua wadudu. Boksi la karatasi ngumu, rafu iliyoinuliwa na chumba kinachopitisha hewa vinatosha kwa sasa. Ofisa utamaduni atakayeanza orodha namwomba aanze na stoo zinazovuja, kabla ya masika.